Saa Sita na Nusu Hadi Jioni: Vidokezo kwa Wazazi wa Kibombo

Saa sita na nusu mchana zamu ya asubuhi inatoka. Barabara za Kibombo zinajaa mashati meupe na nguo za bluu, makelele, vumbi, mpira wa nailoni. Muda si muda kila mtoto amekata njia ya kwao, na ndipo shida inapoanza. Mama yuko shambani tangu alfajiri. Baba amepeleka mchele Kindu kwa baiskeli, zaidi ya kilomita 100, au yuko machimboni anatafuta dhahabu. Mlangoni kuna kufuli. Mtoto wa miaka saba anaweka daftari zake chini na kujitafutia la kufanya mpaka jua litue, saa kumi na mbili na kitu.

Simlaumu mama aliyeko shambani. Asipokwenda, usiku hakuna chungu motoni. Ila saa hizo tano au sita zinaweza kupangwa, na sehemu kubwa ya mpango wenyewe haigharimu hata franka moja. Haya ndiyo ninayowaomba wazazi wenzangu wayafanye.

1. Mtaje mtu mmoja kwa jina

Ukimuuliza mzazi wa hapa ni nani anayemwangalia mwanawe mchana, atakujibu, "Majirani wapo." Ni kweli wapo. Yupo mama anayeuza ndizi kwenye kona, yupo mzee chini ya mwembe, wapo vijana wanaotengeneza baiskeli. Wote wanamwona mtoto akipita, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwenye kumtazama. Mtoto akikosekana saa tisa, hakuna anayejua alionekana wapi mara ya mwisho, kwa kuwa hakuna aliyeombwa kujua.

Kwa hiyo nenda kwa mtu mmoja, jioni ya siku iliyotangulia, ukae naye, umwambie waziwazi: "Mama Fulani, kesho niko shambani. Mwanangu akitoka shule atapita kwako kwanza kukusalimia. Saa saba na nusu ikifika hujamwona, tuma mtu shuleni." Mtoto awepo, asikie kwa masikio yake. Ajue kwamba haondoki uani bila kumwambia Mama Fulani, na kwamba akiumia au akiogopa ni kwa Mama Fulani anakokimbilia, si kwa yeyote atakayemkuta njiani.

Halafu ulipe wema huo. Akina mama sita wa avenyu moja wakikubaliana, kila mmoja anabaki nyumbani siku moja tu kati ya siku sita za shule, na siku tano zilizobaki yuko shambani au sokoni bila wasiwasi. Ni likelemba, ila mnachochangiana ni siku badala ya fedha. Na kama ilivyo kwenye likelemba, mchague watu mnaowaamini, mpange zamu kwa maandishi, na anayeshindwa siku yake aseme mapema. Mzee wa nyumbani au bibi anayekaa barazani anafaa sana, mradi miguu yake bado inaweza kumfuata mtoto mtundu.

2. Zijue zamu za shule kama unavyozijua siku za soko

Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ni bure katika shule za umma nchini kote. Ni jambo jema, na watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani wameingia darasani. Lakini madarasa yamefurika, na shule inapokosa vyumba inapokea watoto kwa zamu mbili. Nyumbani matokeo yake ni haya: mdogo anatoka saa sita na nusu, yaya wake, yule mkubwa wake anayemlea, anaingia mchana huohuo na kutoka karibu na magharibi. Wanapishana njiani, mmoja anarudi, mwingine anakwenda. Mama aliyeko shambani anajipa moyo kwamba wako pamoja.

Chukua kipande cha makala, andika ukutani saa ya kila mtoto kutoka na kurudi. Utaona mara moja ni saa zipi mdogo anabaki peke yake kabisa. Hizo ndizo saa za kumwachia Mama Fulani. Muulize na mwalimu kama kuna siku wanaruhusiwa mapema, kwa msiba, kwa mkutano wa walimu au kwa mvua. Siku hizo mzazi huwa hana habari.

3. Chakula kiwe tayari kabla hujatoka

Njaa ndiyo inayozaa hatari nyingi za mchana. Mtoto aliyeshiba atacheza. Mwenye njaa atawasha moto, atapanda mwembe wa jirani, au ataingia nyuma ya nyumba kung'oa muhogo.

Hapo kwenye muhogo nataka tusimame kidogo. Sisi watu wa Maniema tunaujua muhogo, tunajua kwamba ule mchungu unalowekwa siku tatu au nne, unamenywa, unaanikwa, ndipo unatwangwa. Tunafanya hivyo kwa sababu muhogo mchungu ukiwa mbichi unatoa sumu ya sianidi. Mtu mzima anatofautisha shamba la muhogo mtamu na la muhogo mchungu, mtoto wa miaka sita hatofautishi. Wala hajui kwamba ule uliolowekwa tangu jana bado haujaiva kwa kuliwa. Akila, anaweza kuanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kutapika, na mtoto mdogo huzidiwa haraka kuliko mkubwa. Mtoto wa namna hiyo hasubiriwi mpaka mama arudi, anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, na aliyempeleka aseme amekula nini.

Kinga yake ni rahisi. Pika wali au bugali wa asubuhi uzidi kidogo, ufunike na sombe yake pembeni, uache kwa Mama Fulani au mahali ambapo mtoto atapafikia bila kupanda juu ya kitu. Chakula kilichopikwa asubuhi kiliwe mchana huo, joto la hapa halikiachi mpaka jioni. Ndizi mbivu, karanga, muhogo mtamu uliochemshwa, vyote vinafaa na havihitaji kupashwa. Acha na maji ya kunywa kwenye chombo chenye mfuniko, asiende kuyachota kisimani peke yake.

4. Jiko lilale

Kabla ya kutoka, zima makala kwa maji au mchanga, usiridhike kwa kuwa yamefunikwa na majivu. Majivu huhifadhi moto kwa saa nyingi, na mguu wa mtoto ndio unaougundua. Viberiti viondoke nyumbani, viende nawe shambani au vikae kwa jirani. Sufuria ya maji ya moto au ya mawese isiachwe chini sakafuni hata dakika moja.

Mtoto akiungua, wa kwanza kumfikia amwagie maji baridi safi, polepole, kopo baada ya kopo, kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu mtoto akiwa analia, lakini zimalizike. Asipakwe mawese, wala dawa ya meno, wala yai, wala majivu. Vyote hivyo vinaziba joto ndani ya ngozi au vinaingiza uchafu. Nguo iliyogandia kwenye jeraha isivutwe. Funika na kitambaa safi. Kama jeraha limezidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au liko usoni, mikononi au sehemu za siri, ni hospitali. Mfundishe haya Mama Fulani, na umfundishe yaya pia.

5. Chupa za Fanta zisizo na Fanta

Nyumba nyingi za kwetu zinatengeneza sabuni kwa mawese. Ili mawese yawe sabuni inatiwa soda kostike, na soda hiyo ikishachanganywa na maji inafanana na maji ya kunywa. Ikibaki, inamiminwa kwenye chupa yoyote iliyo karibu na kuwekwa pembeni kwa ajili ya juma lijalo. Mtoto anarudi na kiu, anaona chupa ya Fanta au ya maji, anapiga funda moja. Funda moja linatosha kuunguza mdomo, koo na umio. Akipona, umio unaweza kubaki umesinyaa, ashindwe kumeza chakula kwa miaka. Hili linaniuma kuliko yote katika orodha hii, kwa maana kulizuia ni suala la kuchagua chombo.

Usiweke soda kostike, mafuta ya taa, esansi ya pikipiki wala dawa ya kuua wadudu kwenye chupa ya kinywaji. Tafuta kibuyu au dumu la umbo tofauti, ulifunge, ulitundike juu kwenye dari au ulifungie kwenye sanduku. Soda iliyobaki, bora iishe siku hiyohiyo.

Na likitokea: usimtapishe mtoto. Kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa yakitapikwa huingia mapafuni. Usimnyweshe mawese wala maziwa kwa kudhani unaua sumu. Asukutue mdomo kwa maji na kuyatema, kisha mbio hospitali, na chupa yenyewe uibebe.

6. Maji

Kijito kinachofika magotini mwa mtu mzima kinamzamisha mtoto wa miaka mitatu, na huzama kimya, bila kelele. Beseni la kufulia nalo linatosha. Mwaga maji yote kabla ya kutoka, funika kisima. Wanaokaa ukingoni mwa Lualaba wanajua zaidi yangu kuhusu mkondo na mamba; kwao kanuni iwe moja tu, mtoto hakanyagi ukingo bila mtu mzima, hata kwa kuosha sahani.

7. Radi

Mwaka 2016 watafiti walitoa orodha ya mahali penye radi nyingi zaidi duniani, wakitumia hesabu za setilaiti za tangu 1998 hadi 2013. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela, ya pili Kabare ya Kivu ya Kusini, na ya tatu ni Kampene, katika eneo la Pangi, hapahapa Maniema: karibu mimuliko 177 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Basi ngurumo za mchana zisichukuliwe kama jambo la kuzoea.

Mtoto aambiwe hivi: ukisikia ngurumo, mchezo umekwisha. Toka majini, toka uwanjani, usijikinge chini ya mwembe wala mchikichi. Kama uko shuleni, baki darasani. Kama uko kwa Mama Fulani, ingia ndani, kaa mbali na mlango. Toka nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mwalimu asimfukuze mtoto darasani mawingu yakiwa yameshatanda, hata kama kengele imelia.

8. Reli

Reli ya Kindu–Kongolo ilikamilika 1911, na Kibombo imekua kandokando yake. Treni haipiti kila siku, na hapo ndipo penye mtego. Kwa mtoto reli ni njia ya miguu, ni benchi, ni uwanja. Treni inayokuja mara chache humkuta hana tahadhari. Mfundishe kuvuka na kuondoka, bila kukaa.

9. Mgeni mwenye heshima zake

Tunawalea watoto wetu kumheshimu mkubwa. Mkubwa akibisha hodi anafunguliwa, akitaka maji anapewa, akituma anatumwa. Ni malezi mazuri, siyakatai. Lakini mtoto aliye peke yake hana kinga mbele ya mtu mzima mwenye nia mbaya, na mara nyingi mtu huyo si mgeni wa mbali. Ni jirani, ni rafiki wa baba, ni ndugu wa ukoo.

Mpe mtoto sentensi moja ambayo ina heshima ndani yake na inamwokoa pia: "Shikamoo, mama yuko hapo kwa jirani, ngoja nimwite." Akishaisema, anakimbilia kwa Mama Fulani. Asiseme kamwe "mama hayupo, atarudi jioni." Ifanyieni mazoezi sentensi hiyo nyumbani, wewe ukiwa mgeni na yeye akiwa peke yake, mpaka iwe nyepesi mdomoni. Wageni wote wapokelewe uani, mbele za watu, hata kama ni mjomba. Mjomba mwema hatakasirika ukimweleza sababu. Na ufunguo usifichwe chini ya jiwe la mlangoni, kila mtu anajua jiwe hilo. Ubaki kwa Mama Fulani.

Jioni muulize mtoto nani alikuja leo, alitaka nini, alikupa nini. Uliza kwa utulivu, kila siku, hata siku ambayo hakuna kitu, ili siku yenye kitu isimtie hofu kusema. Akisema ameguswa au ameumizwa, mwamini na usimchape. Mpeleke hospitali kuu au kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi ina muda wake, na usimwogeshe wala kufua nguo zake kwanza. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 imeweka adhabu kwa ubakaji, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Wazee wakikuitia kikao ili mhusika alipe mbuzi mambo yaishe, kataa. Mbuzi hamtibu mtoto, na aliyelipa mbuzi anabaki jirani na watoto wengine.

10. Yaya ni mtoto pia

Mashirika yanayochunguza hali ya watoto duniani yana kipimo kimoja yanachokitumia katika nchi nyingi: mtoto wa chini ya miaka 5 akiachwa peke yake, au akiachwa na mtoto mwenzake wa chini ya miaka 10, kwa zaidi ya saa moja, anahesabiwa kuwa hakuwa na uangalizi. Huko Uingereza, shirika la kulinda watoto la NSPCC huwaambia wazazi kwamba mtoto wa chini ya miaka 12 kwa kawaida hajakomaa kiasi cha kubaki peke yake kwa muda mrefu. Huku kwetu msichana wa miaka tisa ana mdogo mgongoni, mwingine mkononi, na sufuria motoni. Najua maisha yalivyo, na sitegemei kesho yabadilike. Lakini angalau tumpunguzie.

Kwanza, yaya asipike akiwa na mtoto mchanga. Kimoja kati ya hivyo viwili kiwe kwa Mama Fulani. Pili, asikose shule kwa ajili ya ulezi, na ukiona anakosa kila siku ya soko, ujue mpango wako una tundu. Tatu, mvulana anaweza kulea pia. Kaka wa miaka kumi na miwili anayecheza mpira mchana kutwa wakati dada yake wa miaka tisa analea watatu, hilo liko mikononi mwa wazazi kulirekebisha leo jioni. Na mdogo akianguka, usimwadhibu yaya. Ukimchapa, mara nyingine ataficha jeraha.

11. Nyoka, kwa ufupi

Fyeka majani kuzunguka nyumba, usirundike kuni wala mabua ya mpunga karibu na mlango. Aliyeumwa alazwe, kiungo kisitikiswe, abebwe hospitali. Asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, wala asipotezewe muda kwa jiwe jeusi la kunyonya sumu. Jiwe hilo halinyonyi chochote.

12. Usiku ni habari nyingine

Wakati wa kuamia ndege kwenye mpunga, au baba anapoitwa machimboni kwa majuma mawili, wazazi hulala kibandani na watoto wanabaki mjini kwa sababu ya shule. Hapo mipango yote ya juu haitoshi. Mtoto asilale kwenye nyumba isiyo na mtu mzima, hata usiku mmoja, hata kama yaya ana miaka kumi na minne. Ahamie kwa bibi, kwa shangazi, kwa Mama Fulani, au mzazi mmoja arudi. Mpelekee mwenyeji wake mchele na mafuta, usimtwishe mzigo mikono mitupu. Mjulishe na mwalimu kwamba kwa majuma hayo mtoto analala wapi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamweka mtoto aliyetelekezwa au asiyetunzwa miongoni mwa wale wanaostahili ulinzi maalumu, kwa hiyo ukimwona mtoto wa jirani analala peke yake siku nenda siku rudi, una haki ya kumwambia mzazi wake, kisha mkubwa wa kartye, kisha ofisi ya mambo ya jamii.

13. Lipelekeni kwenye kamati ya wazazi

Kuna mambo ambayo mama mmoja hawezi kuyatengeneza, na shule inaweza. Ombeni ndugu wa nyumba moja wawekwe zamu moja pale shule ilipo ileile. Ombeni watoto wa darasa la kwanza na la pili wasiruhusiwe mapema bila wazazi kupata habari jana yake. Ombeni darasa moja libaki wazi mchana, na mzazi mmoja wa zamu ndani yake, ambapo mtoto ambaye nyumba yake ina kufuli atakaa afanye kazi ya nyumbani mpaka mtu wake afike. Mahali ambapo zamu ya mchana inajaza vyumba vyote, hata kivuli cha mti uani mwa shule kinatosha, siku isiyo na ngurumo. Mwaka wa shule unaanza Septemba. Kamati ikiitisha wazazi, nendeni wote sita mliopanga zamu pamoja, mkiwa na karatasi yenye majina ya watoto, saa zao za kutoka, na saa ambazo hakuna mtu nyumbani.